Mradi wa makazi umefika mtaani: jinsi wakazi na wenye mashamba wanavyoweza kujadiliana bila kupunjana

Tetesi zikianza kwamba mashamba ya pembezoni yanakwenda kuwa viwanja, iwe ni Uyole, Itende au Iwambi hapa Mbeya, au Igumbilo kule Iringa, swali la kwanza mtaani huwa ni bei ya ekari. Bei ingoje. Kuna maswali mawili ya kujibiwa kabla yake: ardhi inatoka kwa njia gani, na nani hasa ana haki ya kuitoa. Vikao vingi vinavyoishia kwa kelele vilianza kujadili bei huku nusu ya waliokaa hawajui kama wanauza, wanaingia ubia au wanaondolewa na serikali.

Mko kwenye njia ipi?

Utwaaji ni pale serikali inapochukua ardhi kwa manufaa ya umma chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967. Hapo hamjadili kutoa au kutotoa. Mnajadili mipaka, uthamini, muda wa kuhama na mahali pa kwenda. Kampuni binafsi haina mamlaka ya kutwaa. Mwakilishi wake akisema "mkikataa tutatwaa", mwombeni kwa upole ilani ya maandishi kutoka serikalini. Kama hana, mko kwenye mauziano au ubia, na neno "hapana" bado ni lenu.

Mauziano ni shamba kwa fedha, mwenye shamba anaondoka. Ubia ni shamba kwa viwanja: kampuni au halmashauri inagharamia kupanga na kupima, kisha viwanja vinagawanywa. Njia hizi mbili huchanganywa makusudi kwenye kikao kimoja, na mzee anatoka akiamini ameuza kumbe ameingia ubia, au kinyume chake. Ajenda iandikwe neno moja tu kati ya hayo matatu, na isibadilishwe kikaoni.

Kama eneo bado ni ardhi ya kijiji, kuna mlango mwingine wa kupita. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inataka ardhi ihaulishwe kwanza, yaani ihamishwe rasmi, kuwa ardhi ya jumla, ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi. Eneo likiwa hekta 250 au chini, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kupata maoni ya kijiji. Mhuri wa mwenyekiti na saini ya mtendaji peke yake havitoshi, hata vikiwa kwenye karatasi yenye nembo.

Karatasi ya mahudhurio

Hapa ndipo watu wengi hunaswa. Kikao cha utambulisho kinaitishwa, soda zinagawiwa, karatasi inazungushwa: jina, namba ya simu, saini. Karatasi haina kichwa cha habari, au ina kichwa kwenye ukurasa wa kwanza tu. Baada ya miezi kadhaa zile kurasa zinaonekana zimebanwa nyuma ya muhtasari unaosema "wananchi kwa kauli moja waliridhia".

Dawa yake ni rahisi, lakini ifanywe siku ileile. Kila ukurasa uandikwe juu kwa mkono: tarehe, mahali, na maneno "Mahudhurio tu, si ridhaa". Nafasi zilizobaki wazi chini zipigwe mstari wa kukata. Mtu mmoja apige picha kila ukurasa kabla haujaondoka mezani, na picha zitumwe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa papo hapo ili tarehe ibaki. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla kikao hakijafungwa, hata kama jua linazama. Ukisomwa kikao kijacho, tayari nakala imeshafika ofisini. Penye wazee wanaoelewa Kisafwa au Kihehe vizuri kuliko Kiswahili, usomwe mara mbili, na jina la aliyetafsiri liandikwe.

Nani akae mezani

Orodhesheni kila kipande na mwenye haki juu yake. Makundi matatu husahaulika, na yote matatu yana uwezo wa kuvunja makubaliano baadaye.

La kwanza ni warithi. Shamba la marehemu halina muuzaji mpaka Mahakama, mara nyingi ya Mwanzo, imteue msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao cha ukoo unasaidia kupata uteuzi huo, lakini si mbadala wake. Mtoto mkubwa aliyesaini "kwa niaba ya familia" ameiachia kampuni kesi na ameiachia familia ugomvi. Mirathi ambayo haijafunguliwa ianze kufunguliwa wiki ileile tetesi zinaposikika, kwa sababu huchukua miezi.

La pili ni wenzi. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ndoa ya 1971 imelisema hilo wazi. Mama awepo kikaoni, asisubiri nyumbani kuletewa fomu.

La tatu ni walionunua vipande kwa karatasi za mtaani. Ndani ya shamba la ekari nne unaweza kukuta watu kumi waliouziwa ishirini kwa ishirini, wengine wameshapandisha msingi. Mwenye shamba huwa na hamu ya kuwaficha, kampuni huwa na hamu ya kutowaona. Wote wawili wanajidanganya, kwani ndio watakaosimama mbele ya greda. Waorodheshwe, mikataba yao inakiliwe, na mchoro uwapishe walipo inapowezekana; kusogeza barabara mita tatu kwenye karatasi hakugharimu kitu, kuvunja nyumba kunagharimu.

Kamati ya watu saba hadi tisa inatosha, wanawake wasipungue watatu, na angalau mmoja atoke upande wa chini wa mteremko hata kama shamba lake haliguswi. Mwenyekiti wa mtaa aalikwe, asiongoze kamati: yeye atatakiwa kuwa shahidi wa mikataba, na ni vigumu kuwa mchezaji na mshika kibendera kwa wakati mmoja. Ile asilimia kumi inayodaiwa na baadhi ya ofisi za mitaa kwa kila mauziano haimo katika Sheria ya Ardhi. Atakayeidai aombwe risiti ya serikali, na mara nyingi madai huishia hapo.

Pima kabla hujapimiwa

Ekari ya kienyeji ni hatua sabini kwa sabini. Tatizo ni mguu. Ekari halisi ina mita za mraba 4,047 hivi. Hatua ya sentimita 80 mara sabini ni mita 56, na 56 kwa 56 ni mita za mraba 3,136 tu: zimepotea 900 na ushee, kiwanja kizuri kabisa cha nyumba. Mrefu akipima shamba analonunua na mfupi akipima analouza, hakuna aliyeiba ila kuna aliyepunjwa. Nunueni utepe wa mita 50, au kodisheni mpimaji aliyesajiliwa kwa mashamba yote kwa pamoja, gharama igawanywe kwa ekari. Simu yenye GPS inafaa kwa kukumbuka pembe, haifai kwa kudai fedha. Ikikosea mita tano kwenye kila pembe, shamba dogo linabadilika sura.

Wakati wa kupima, majirani wa pande zote nne wawepo na wasaini mchoro wa mkono. Piga picha kila pembe ukiwa umesimama juu yake, alama ya kudumu ikionekana nyuma: mkaratusi, mwamba, kona ya kanisa.

Kisha toeni maeneo ambayo hayatakuwa viwanja kamwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mbeya ina vijito vingi, na shamba refu linaloshuka bondeni linaweza kupoteza robo yake hapo. Kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Zamani ilikuwa 22.5, na nyongeza ile ya mita 7.5 ililetwa na Sheria ya Barabara ya 2007, kwa hiyo aliyekuwa pale kihalali kabla ya hapo ana dai la fidia. Mteremko nao ni hesabu, si mandhari. Tope lililoshuka kutoka Mlima Kawetele na kufunika nyumba Itezi mwezi Aprili 2024 lilikuwa tangazo tosha kwa yeyote anayechora viwanja kwenye miinuko ya mji huu. Mchoro usioonyesha mistari ya mwinuko urudishwe ulikotoka.

Hesabuni na vilivyo juu ya ardhi: miti kwa aina na umri (mparachichi wa miaka sita haufanani bei na mche), visima, uzio, mazao yaliyo shambani. Tarehe ya ilani ya uthamini ikishatoka, msipande vipya. Mthamini anaijua miche iliyochimbiwa jana, udongo wake bado una rangi nyingine, na akikamata shamba moja la namna hiyo ataanza kuyatilia shaka yote.

Makaburi yaandikwe peke yake: idadi, majina, nani wa ukoo anayeyasimamia. Kwa ardhi inayotwaliwa kwa shughuli ya umma ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, inayogharamia kufukua, kusafirisha, kuzika upya na taratibu za kimila au za dini. Kwa mradi wa binafsi, kinachotawala ni makubaliano yenu. Njia ambayo haileti maneno ni kuyaacha yalipo na kuyachora kama eneo la wazi lenye njia ya kuingilia.

Hesabu ya fidia

Kama ni utwaaji, fidia haiishii kwenye thamani ya ardhi na vilivyo juu yake. Kanuni za 2001 zinaongeza posho ya usumbufu, inayopatikana kwa kuzidisha thamani ya mali na wastani wa riba ya amana za benki za mwaka mmoja. Posho ya usafiri ya mzigo wa tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20. Posho ya makazi, yaani kodi ya soko ya mwezi mara 36. Na kwa mwenye biashara, faida halisi ya mwezi mara 36. Shamba lisilokaliwa halilipwi usafiri, makazi wala faida iliyopotea. Mwenye genge au mashine ya kusaga asiye na daftari la hesabu hupoteza fungu hilo la mwisho hata kama kila mtu mtaani anajua anauza.

Ripoti lazima iandaliwe na mthamini aliyesajiliwa na iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Kuanzia hapo saa inahesabu: chini ya Sheria ya Uthamini ya 2016, malipo yakipita miezi sita yanazaa riba, na uthamini ukipita miaka miwili unarudiwa. Kwa hiyo tarehe ya idhini ndiyo tarehe ya kuulizia kwa maandishi na kuibandika ukutani. Kila mtu abaki na nakala ya fomu yake ikiwa imejazwa. Fomu tupu isisainiwe hata kama karani ana haraka na gari linamsubiri.

Kwenye mauziano ya hiari kanuni hizi hazimbani mnunuzi, ila zinafaa kama sakafu. Mwenye shamba anayejua angepata nini kwa utwaaji anajua bei ambayo hapaswi kushuka chini yake.

Hesabu ya ubia, ambayo huwachanganya wengi

Kauli ya mezani huwa "asilimia 60 yenu, 40 yetu". Asilimia 60 ya nini? Tuseme shamba ni ekari 5, mita za mraba 20,235. Barabara, maeneo ya wazi na huduma zikichukua asilimia 30, zinabaki kama 14,165. Kwa viwanja vya mita za mraba 500, hapo kuna viwanja 28. Asilimia 60 ya viwanja ni 16 na masalia. Lakini mwenye shamba aliyesikia "60 ya shamba" anapiga hesabu ya mita 12,141, yaani viwanja 24. Tofauti ya viwanja saba na ushee ndiyo inayovunja undugu mwaka unaofuata, na hakuna aliyesema uongo.

Mkataba uandike hivi: asilimia fulani ya jumla ya mita za mraba za viwanja vinavyouzika, kwa mujibu wa ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Tumieni mita za mraba, si idadi, maana viwanja havilingani. Halafu amueni vinachaguliwaje. Kampuni ikichagua kwanza itachukua vya kona na vya barabarani, nanyi mtabaki na vya korongoni. Kuchagua kwa zamu, kimoja kimoja, aliyeanza akiamuliwa kwa kura, kunafanya kazi vizuri kuliko kifungu chochote cha mwanasheria kuhusu "mgawanyo wa haki". Masalia ya hesabu, ile sehemu ya kiwanja, yalipwe kwa fedha kwa bei iliyotajwa mapema.

Jambo jingine ni kuuza kabla ya wakati. Ubia mwingi huharibika kampuni inapoanza kupokea malipo ya awali kwa mchoro ambao haujaidhinishwa. Mchoro ukirudishwa na kiwanja namba 14 kikageuka kuwa barabara, mnunuzi anamfuata mwenye shamba, kwa kuwa ndiye anayeonekana. Wekeni kifungu: hakuna kuuza wala kupokea arbuni kabla ramani haijaidhinishwa, na ukomo wa muda uwepo. Ikipita miezi 18, tuseme, bila ramani, mkataba unakufa na shamba linarudi bila deni la upimaji. Kampuni zitalalamika juu ya kifungu cha mwisho. Zilalamike, lakini msikiache.

Upande wa majirani

Wakazi wasio na shamba ndani ya mradi huambiwa hayawahusu. Yanawahusu kwa maji, njia na huduma, na hoja yao ina nguvu ikija na tarakimu. Nyumba 100 zenye paa la mita za mraba 120 kila moja ni mita 12,000 za bati. Mvua moja ya milimita 50, ambayo kwa masika ya nyanda hizi si ajabu, inamwaga lita 600,000 kutoka kwenye mapaa peke yake, kabla ya barabara na sakafu za uani. Hayo maji yanakwenda wapi? Ulizeni mtaro uko wapi kwenye mchoro, una upana gani, unaishia mto gani, na nani anaujenga. Jibu la "kila mtu atachimba wake" maana yake utapita jikoni kwa mtu.

Dai la pili ni njia. Barabara ya ndani isiyofikia mita sita itasumbua gari la majitaka na la zimamoto. Njia za zamani za kwenda kisimani, shuleni na makaburini zichorwe kama njia za umma zenye upana ulioandikwa. Dai la tatu ni eneo la shule, zahanati na uwanja: lionekane kwenye mchoro na lipewe namba. Eneo linaloahidiwa kwa mdomo litakuwa na msingi wa mtu kabla ya mvua zijazo.

Msidai mambo ishirini. Chagueni manne, myape mpangilio, na kwa kila moja mjue mtakubali nini kama halikupatikana lote.

Mkutano wa maamuzi

Usiwekwe Novemba na Desemba watu wakiwa wanapanda, labda kama mnataka maamuzi yafanywe na wasiolima. Nakala za mchoro zibandikwe ofisi ya mtaa wiki mbili kabla, na siku moja itengwe kutembea nao shambani: afisa mipango miji mbele, kamati, wenye mashamba, kamba na vigingi. Mtu asiyesoma ramani anaelewa mara moja anapoona kigingi cha barabara kimesimama kwenye mgomba wake, na mabishano ya siku mbili ya ofisini humalizwa hapo kwa dakika chache.

Mezani, bei itajwe na upande mmoja kwa maandishi, upande mwingine ujibu kwa maandishi baada ya siku saba. Malipo yapite benki, akaunti yenye majina ya wenzi wote pale panapohusika. Kabla ya kusaini kwa ardhi iliyosajiliwa, ombeni taarifa rasmi kwa Msajili wa Hati ili kujua kama ina rehani au zuio.

Bikoni, ile nondo fupi iliyozungushiwa zege na kuandikwa namba, isichimbiwe kabla ya mkataba kusainiwa. Zikishawekwa, watu huanza kuzizoea na mjadala unahama kutoka "kama" kwenda "lini". Mkikuta zimechimbiwa, msizing'oe. Kung'oa alama ya upimaji ni kosa na kutawapa wenzenu hoja. Pigeni picha, andikeni namba zake, pelekeni malalamiko ya maandishi kwa mtendaji wa kata siku hiyohiyo na mbaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Ikikwama

Anzeni Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, haliamui kesi, na likishindwa ndani ya siku 30 mnaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo kwa mali isiyohamishika linaishia thamani ya shilingi milioni 300. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Shauri la kurejesha ardhi lina ukomo wa miaka 12.

Mgogoro ukiwa dhidi ya halmashauri yenyewe, njia ni nyingine. Tangu 2020 shauri hilo linafunguliwa Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali akiunganishwa, baada ya notisi ya siku 90. Wakazi wengi hupoteza mwaka mzima kwenye baraza la wilaya kabla hawajaambiwa halina mamlaka. Notisi ile iandikwe na wakili mapema, hata kama mazungumzo bado yanaendelea. Haizuii kukaa mezani, na mara nyingi ndiyo inayomfanya mkurugenzi ahudhurie mwenyewe badala ya kutuma mwakilishi.